Moshi Wetu Ulikuwa wa Kwanza

Jirani yangu hapa Goma hajui kuwasha moto. Ni mama mwema, anaimba vizuri kanisani, lakini makaa yakimwishia huokota vijiti vilivyolowa na mvua na kuvirundika kwenye mbabula yake, jiko lake la makaa, kama mtu anayefukuza nyuki. Ule moshi mzito mweupe hupanda ukuta, huingia dirishani kwangu bila hodi, na kunikuta nimekaa na kikombe changu cha chai. Hapo mimi hunyamaza. Watoto wangu wamezoea. Husema, "Mama amekwenda Bihambwe," yaani kilimani nilikozaliwa, na kupunguza redio. Na kweli ninakuwa nimekwenda. Pua ndiyo gari la mbio kuliko yote niliyowahi kupanda, na barabara yake haina matope.

Mimi ni mtu wa kucheka, mtaniona. Kwenye masomo ya jioni, nilikohitimu nikiwa na wajukuu wawili tayari, mwalimu alikuwa akisema kwamba mimi nikiandika mvua inanyesha, msomaji aanze kutafuta mtumbwi. Basi mnivumilie nikizidisha chumvi huku na kule. Kwenye mambo ya moshi sitazidisha. Hayo yalikuwa vilevile nitakavyoyasema.

Ilikuwa miaka ile ya kwanza baada ya uhuru. Nilikuwa na miaka minane, au tisa. Mama alihesabu umri wangu kwa mavuno ya maharage, na kwa kuwa kwetu maharage huvunwa mara mbili kwa mwaka, kuna siku aliniambia nina kumi na sita na nimechelewa kuolewa. Nyumba yetu ilikaa mgongoni mwa kilima, na kutoka uani uliona paa za nyumba kumi na moja, nyingine juu yetu, nyingine chini, nyingine ng'ambo ya bonde, zote za nyasi. Baridi ya asubuhi ya Masisi, kwa asiyeijua, ni ile ambayo kuku angekuwa na meno tungeyasikia yakigongana. Kwa hiyo kila nyumba iliamka kwa moto, na moshi ulipenya kwenye nyasi za paa polepole, hata ungedhani nyumba zenyewe zinapumua.

Wanawake wa kilima chetu walikuwa wakiusoma moshi huo. Hakuna aliyeitisha mkutano, hakuna aliyeandika sheria. Kila mama alipotoka na jembe begani, kabla hajakanyaga njia, aligeuka akapitisha macho juu ya paa zote kama mwalimu anayeita majina darasani. Moshi mwembamba wa buluu: uji unachemka, hamna neno. Moshi mzito mweupe: kuni mbichi, mume mvivu. Paa lisilo na moshi lilikuwa sawa na mtu aliyepiga ukelele. Mama aliye karibu aliacha njia na kwenda kuona. Namna hiyo walimwokoa mjane mmoja aliyevunjika mguu usiku, na namna hiyo walimkuta bwana mmoja aliyeshindwa na pombe ya ndizi, amelala uso ndani ya bakuli la sombe, mboga ya majani ya muhogo, akikoroma vizuri kabisa.

Mama yangu hakuzaliwa katika utaratibu huo. Alikuwa mtu wa Ntoto, huko Walikale, kwenye joto na pori kubwa. Papa alikuwa akienda huko kwa miguu kubadilisha maharage kwa mawese, na safari moja alirudi na vibuyu viwili vya mawese na mke. Kwao Ntoto moshi hauhesabiwi, maana miti mirefu inaumeza kabla haujaonwa na mtu. Huko alimwacha mama yake na dada zake wanne. Kilimani kwetu hakuwa na ndugu hata mmoja wa kumwomba kisu bila kueleza ni cha nini.

Asubuhi moja alichelewa kuamka. Alikuwa amechoka tu, basi. Tulisikia miguu uani, na mlango ukajazwa na Mama Bahati, jirani wa ng'ambo ya bonde, mwanamke mwenye sauti iliyoweza kuangua ndizi kutoka migombani.

"Eh weye mwanamuke wa Ntoto!" alisema. "Ku pori kwenu jua inaamukaka saa ngapi?"

"Ku kwetu jua inaamukaka yenyewe," Mama akajibu, akijifunga kitenge. "Hapana kungojea banamuke ba kelele."

Walicheka wote wawili. Mama Bahati alicheka mpaka akaegemea ukuta, na siku ile kilima kizima kilirudia maneno hayo. Lakini alipoondoka, Mama alinishika bega, uso wake umebadilika.

"Riziki. Kuanzia kesho, moshi yetu njo itakuwa ya kwanza. Umesikia? Ya kwanza ku hii kilima yote."

Na ukawa wa kwanza. Tuliwasha mapema hata jogoo wetu akaona aibu, akaacha kuwika. Mama alinifundisha kuficha kaa la moto chini ya majivu jioni, kulifukua alfajiri, kulipulizia mabua makavu ya maharage mpaka likafunguka kama jicho. Nje, Mama Bahati aliweka mikono mdomoni akaita ng'ambo ya bonde: "Mama Riziki eeeeh! Umetushinda tena!" Na Mama akasimama mlangoni akajibu, "Eeeeh! Mulale tu!" Mimi nilisimama nyuma yake, kifua mbele kama askari. Nilikuwa mtoto wa nyumba yenye moshi wa kwanza. Waziri gani wa Kinshasa alikuwa na cheo kama hicho?

Kisha Mama akawa mzito. Mdogo wangu Safari alikuwa na miaka mitatu tayari, na Mama alimzaa kwa shida kubwa, kwa hiyo safari hii alitaka mama yake mzazi awe karibu. Ikakubaliwa Papa aende Ntoto kumleta Koko. Alifunga mzigo wa maharage mgongoni, akaninyooshea kidole.

"Siku munane. Siku munane tu niko hapa na koko yako. Mutoto hawezi kuzaliwa mbele ya koko yake kufika, mimi nimeshamukataza."

Mtoto hakukatazika. Alizaliwa siku ya nne, ikinyesha mvua ambayo, nawaambia, ilikuwa na mawe ndani yake. Wanawake walikuja kabla hata Mama hajamaliza kuguna mara ya pili. Mama Bahati, aliyekuwa akinyonyesha mwanawe, alimfunga mgongoni akaingia na kuni kichwani. Wengine walileta uji wa mtama, mwingine ndizi, mwingine mafuta ya kumkanda. Alitoka mtoto wa kike mwenye masikio madogo yaliyokunjika kama uyoga unaoanza kuota. Jina lilimngoja Papa. Sisi tulimwita Kadogo.

Siku nne wanawake walilala kwetu kwa zamu. Nyumba ilikuwa na joto, ilinuka maziwa na mtama na jasho la watu, na Mama alitabasamu walipotabasamu. Lakini nje mvua za kupandia zilikuwa zimefika, na mbegu haijui kwamba mtu amezaa. Siku ya tano walichukua majembe yao.

Mama Bahati aliinama juu ya kitanda. "Tunaenda kupanda, Mama Riziki. Mvua haina rafiki. Lakini macho yetu iko ku paa yako. Moshi ikikosa, mbele ya mayi ya uji kuchemuka kwangu, niko hapa."

"Moshi haiwezi kukosa," Mama akasema.

Asubuhi iliyofuata hakuamka. Hakuwa na homa, niligusa. Alikuwa amegeukia ukuta, macho wazi, akitazama udongo kama mtu anayetazama njia ndefu. Nilimwita, hakuitika. Nilikwenda upande wa ukuta nikajipenyeza ili anione, akaniona, na bado macho yake yalipita ndani yangu yakaendelea. Halafu, kwa sauti niliyoisikia kwa shida, alisema, "Riziki. Moto."

Nikawasha. Mabua yalikuwa na unyevu, moshi ukatoka mzito mweupe, nikakohoa mpaka machozi. Na ng'ambo ya bonde sauti ikaja: "Mama Riziki eeeeh!"

Niligeuka kumtazama Mama. Alitikisa kichwa kidogo sana. "Usibaambie," akasema. "Basijue."

Sasa nawaomba mwelewe mtoto yule. Alijua sheria moja ya dunia: nyumba yenye moshi ni nyumba nzima. Alijua kwamba mama yake ni mgeni kilimani na kwamba wanawake wangeweza kucheka tena, safari hii bila kuegemea ukuta. Basi nilichukua kitenge cha Mama, nikajifunga mabegani, nikasimama mlangoni ndani kidogo ambako moshi ulinificha, nikatoa sauti kutoka tumboni.

"Eeeeh! Mulale tu!"

Ng'ambo kukawa kicheko. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilirudi kwenye mafiga nikimwambia Safari kwamba tumewashinda.

Asubuhi saba niliwasha moto ule. Jioni ya kwanza nilipika maharage, yakabaki mawe. Nikaacha. Nilichoma viazi kwenye majivu kwa ajili yangu na Safari, na chungu nilikijaza maji tu, kwa sababu moto bila chungu juu yake ungeonekana wazimu. Mama alikunywa yale maji. Chakula alikisukuma kwa mkono wa nyuma bila kugeuka. Kadogo niliyemweka kifuani pake alinyonya mwanzoni, kisha alinyonya na kulia, kisha maziwa hayakuwapo na Mama hakumshika tena. Nilichovya kidole changu kwenye uji mwepesi nilioukoroga mwenyewe bakulini, nikamwekea mdomoni.

Siku za kwanza alilia, nawaambia, hata Ntoto walimsikia. Sauti yake ilizunguka paa ikashuka tena. Kisha ikawa kama ya paka. Kisha ikawa kama mlango wa mbali unaofungwa na upepo. Siku ya sita hakulia kabisa. Alifungua mdomo, akaufunga. Nilimpangusa uso, nikamsifu. Nilimwambia Safari: "Unaona? Ameanza kuwa na adabu kuliko weye."

Hilo ndilo ninalolisikia moshi unapoingia dirishani. Sikisikii kile kilio chake, naisikia ile sifa yangu.

Asubuhi ya nane Safari ndiye aliyetuokoa, kama neno ni hilo. Alfajiri aliamka na kiu, akavuta chungu, chungu kikapinduka juu ya majivu. Nilisikia moto ukifa, tssss, kama nyoka. Nilipekua majivu kwa mikono. Kaa liligeuka tope. Nilipuliza tope lile mpaka kichwa kikazunguka. Kisha nilitoka nje nikatazama kilima. Paa kumi na moja zilikuwa zikipumua. Letu lilikaa kimya. Nililia, na sikulia kwa ajili ya Mama wala Kadogo. Nililia kwa aibu.

Sijamaliza kupangusa kamasi nilimwona Mama Bahati akishuka ng'ambo ya bonde. Hakuwa akitembea. Mwanamke yule alikuwa mnene kama ghala la mtama, na alishuka kile kilima kama jiwe, jembe ameliacha njiani, mtoto akirukaruka mgongoni. Kutoka juu walikuwa wakija wengine wawili, na mmoja kutoka upande wa chemchemi. Hawakuwa wameitana.

Hakupiga hodi. Aliingia, akasimama gizani akipumua. Mimi nilitegemea aende kitandani. Badala yake aliinama, akaweka kiganja chake chote juu ya chungu kilichopinduka. Baridi. Akakigeuza, akaingiza mkono ndani, akapitisha vidole kwenye sakafu yake kutafuta ukoko, masalio, chochote. Hakikuwa na kitu. Akanitazama.

"Weye mutoto. Mama yako alikula lini?"

"Siku ya soko."

Alihesabu kwa vidole. Alipofika cha tano alikunja ngumi.

"Na nani alikuwaka anaitika?"

"Ni mimi."

Mmoja wa wanawake alitoka nje haraka. Mama Bahati alikaa kitandani, akamwinua Kadogo, ambaye alikuwa na joto upande mmoja tu, ule uliolala kwa Mama. Alimshusha mwanawe, akamweka Kadogo kwenye ziwa lililojaa. Kadogo alikuwa amesahau kazi hiyo. Walimkamulia maziwa tone kwa tone, mchana wote, usiku wote, wakipokezana, na mwingine akimlisha Mama kijiko kwa kijiko huku akimtukana kwa upendo: "Kula, weye wa pori, kula, tutacheka na nani?"

Kadogo alifariki siku ya pili, jua likiwa juu, watu wakirudi shambani. Walimzika kando ya migomba. Kaburi lake lilikuwa na urefu wa mpini wa jembe langu, jembe la mtoto.

Mama walimbeba kwa machela mpaka zahanati ya wamisionari, mwendo wa siku nzima, kilima kizima kikibadilishana mabega. Alikaa huko majuma mawili. Mimi na Safari tulilala nyumba hii leo, ile kesho, na nilinenepa. Niliona haya kunenepa, lakini nilikula. Papa alifika na Koko siku ya ishirini na tisa tangu aondoke. Daraja lilikuwa limekwenda na mto, na mbele yake kulikuwa na watu wenye bunduki waliokuwa wakirudisha wasafiri. Aliweka kibuyu cha mawese chini, akawasikiliza wanawake, akaenda migombani peke yake kumpa binti yake jina. Jina hilo nalijua. Siliandiki hapa.

Sasa sikilizeni jambo lililoniumiza miaka mingi. Mama aliporudi na kupata nguvu, akawasha moto wake mwenyewe, moshi ukapanda vizuri wa buluu. Na bado Mama Bahati alikuja. Kila asubuhi, mvua au jua, alivuka bonde, akaingia bila hodi, akaweka kiganja juu ya chungu chetu. Kikiwa cha moto alisema "Aya" akaenda shambani. Baada ya miezi kadhaa alipunguza kwetu, lakini nilimwona akiingia kwa mama mwingine aliyezaa, na baadaye niliwaona wanawake wengine wakifanya vilevile. Kilimani kwetu moshi haukutosha tena. Nyumba yenye mtoto mchanga ilipaswa kuguswa chungu.

Hakuna aliyenikemea, hata mara moja. Kwa hiyo nilijihukumu mwenyewe. Niliamini mkono ule unakuja kunikagua mimi, mtoto aliyedanganya kilima kizima kwa kitenge cha mama yake. Niliogopa kiganja kile kuliko chui. Siku moja nilijikaza nikauliza: "Mama Bahati, moshi hapana kutosha?"

"Moshi inaonekanaka na mbali," akasema. "Nyungu, mpaka uingie." Nyungu ni hicho chungu. Akafunga mtoto wake vizuri mgongoni, akaenda.

Nilikua, nikaolewa, nikahamia Goma, nikazaa mtoto wa kwanza kwenye chumba kimoja cha kupanga, mume wangu dereva akiwa barabarani. Siku ya sita au ya saba ukuta uliniita. Siwezi kueleza vizuri zaidi. Ulikuwa ukuta wa mbao zilizopakwa chokaa, na nilijikuta nikiutazama kama njia ndefu. Mtoto alilia mbali sana. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimewasha mbabula na kuiweka mlangoni, nikaiweka sufuria tupu juu yake, ili watu wa uani waone mambo ni mazuri. Mjue, nilijua nilichokuwa nikifanya. Na bado nilikifanya.

Mwanamke nisiyemjua vizuri, muuza viazi wa chumba cha mwisho, alipita. Alisimama. Akaweka kiganja juu ya sufuria, akainua kifuniko, akachungulia ndani. Kisha akaingia, akanikuta nimegeuka, akasema, "Aya, dada. Leo mimi sitaenda soko."

Alikaa kwangu siku tisa. Alileta wengine. Nilipoweza kuongea nilimuuliza alijuaje.

"Ku kwetu Ngungu njo vile tunafanyaka," akasema, akimenya viazi kwa mwendo wa mashine. "Mama mwenye kuzaa, unashikaka nyungu yake. Nani alianzisha? Sijue. Ni ya zamani sana, ya bakoko."

Ya mababu! Haikuwa na umri wa miaka ishirini. Ilikuwa imevuka vilima, imeshuka hadi Ngungu ndani ya kikapu cha bibi harusi fulani, imenifuata mpaka Goma, na haikujua kwamba aliyeilipia alikuwa na masikio kama uyoga. Sikumwambia. Nilicheka, akadhani nimepona, na kwa kweli ndipo nilipoanza.

Mama alifariki akiwa mzee, mwenye kelele kuliko wanawake wote aliowahi kuwaita wa kelele. Kuhusu siku zile tulisema neno moja tu maishani mwetu. Tulikuwa tukichambua maharage, akasema bila kuinua kichwa, "Ni mimi njo nilikutuma moto." Nikasema, "Ndiyo, Mama." Tukaendelea kuchambua.

Kwenye matanga yake nilimkuta Mama Bahati amekaa jikoni mwetu, karibu na mafiga, mdogo, mkavu, macho yamekwisha. Ule unene wote ulikuwa umekwenda wapi, sijui. Sauti tu ilibaki.

"Ni Riziki?"

"Ni mimi, Mama."

"Itika. Itika sawa na siku ile."

Sikutaka. Lakini nani alimkatalia yule mama? Nilitoa sauti kutoka tumboni. "Eeeeh." Na kutoka koo langu, lililokwisha kuzeeka, ikatoka sauti ya Mama yenyewe, hata wanawake waliokuwa uani wakageuka.

Alitikisa kichwa. "Hapana. Siku ile haikuwa vile. Ilikuwa nyembamba. Siku ya tatu niliijua, Riziki. Nilisimama mu njia, nikasema, hii ni mutoto. Kisha nikaangalia mbegu mu kitunga, nikaangalia wingu. Nikasema, nitapita mangaribi, jua ikishuka." Alivuta kitenge mabegani. "Mangaribi mvua ikanyesha."

Miaka yote nilidhani mkono ule ulivuka bonde kunitafuta mimi na kosa langu. Kumbe ulikuwa ukirudi kwenye siku ile ya tatu, aliyopita bila kuingia. Kila asubuhi ulikuwa ukijaribu kufika siku ya tatu.

Nje watu walikuwa wakiimba. Kwenye mafiga chungu kikubwa cha maharage ya matanga kilikuwa kikichemka, maharage ya nyumba zote kumi na moja. Nilichukua mkono wa Mama Bahati, mwepesi kama jani la mgomba lililokauka, nikauweka ubavuni mwa chungu.

"Iko moto," akasema.

"Iko moto, Mama."

Hakuuondoa.